Bawa la Mzee Zakaria

Kama ni kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki mtu anikatize na vicheko vyake. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Njombe mjini, na wanaonijua wanajua kwamba nina mdomo lakini uongo sina. Hili nitakalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nimekula nimeshiba, sina homa wala sijaonja pombe ya ulanzi. Ushahidi ninao. Umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na ukitaka kuuona njoo.

Nianze na wacheza soul, maana bila wao hutanielewa.

Makambako, nyuma ya maghala ya mahindi upande wa reli, kuna ukumbi wa bati usio na kibao. Jumapili ibada zikishaisha, utaona kina mama wa heshima zao wanaingia humo mmoja mmoja, wamejifunga vitenge kama wanakwenda kutoa pole. Wakifika ndani vitenge vinavuliwa. Chini yake ni bugaluu! Suruali zimebana mapajani, halafu kuanzia gotini zinafunguka pana mpaka zinafunika kiatu, na kiatu chenyewe raizoni, kisigino kama tofali. Raizoni hazikanyagi nje hata siku moja, zinabebwa kwenye mfuko na kuvaliwa mlangoni. Wazee nao wana mashati ya kola ndefu, nywele wamezichambua zikasimama, na wenye upara wamechambua hizo zilizobaki pembeni. Mlango unafungwa, sakafu inanyunyiziwa poda ya watoto ili miguu iteleze, santuri inawekwa. Jamani! Watu niliowaona asubuhi wakishikwa mkono kushuka ngazi za kanisa, sasa wanazunguka kama pia.

Dansi hilo wenyewe wanaliita bugi. Wamelificha tangu ujana wao, enzi hizo soul iliitwa muziki wa wahuni, na vijana wa ulinzi walikuwa wakikusimamisha barabarani wakuchane suruali kwa wembe, mguu wa kushoto, kuanzia pindo mpaka gotini. Ukishachanwa ufanyeje? Ulikwenda kwa mwenzio, akakukatia kipande cha pembe tatu kutoka kwenye suruali yake, ukakishona palepale palipochanika. Basi suruali ikatoka pana kuliko mwanzo! Wale walitaka kuwakomesha, wao wakazidi kupanuka. Kipande hicho wakakiita bawa, maana ukisimama halionekani, limejikunja ndani, lakini ukizunguka linafunguka na rangi yake inawaka.

Wembe ulikwisha, bawa likabaki. Na walipoanza kuzikana, likapata kazi nyingine. Mwenzao akifa, suruali yake haizikwi wala hairithiwi. Inaletwa kwa fundi, inakatwa, na yule aliyekuwa anacheza naye anashonewa bawa kutoka humo. Mpaka lishonwe, mfiwa hakanyagi poda. Anakaa kwenye benchi na leso nyeupe imechungulia mfuko wa kushoto, ili watu wajue wasimwinue. Akishalivaa ndipo anarudi kucheza, na wanasema kuanzia hapo hachezi peke yake. Mimi kazi hiyo niliirithi kwa fundi aliyenifundisha cherehani, na nilikuwa naifanya kama ninavyoshona sare za shule. Kata, shona, mteja mwingine aje.

Sasa kulikuwa na Bibi Esta wa Makambako. Kanisani ni mama wa kwaya, sauti ya pili. Ukumbini alicheza na Mzee Zakaria wa Lupembe, mkulima wa chai, miaka na miaka. Usianze kufikiri vibaya, nakuona. Kila mmoja alikuwa na ndoa yake, kila mmoja alifiwa na mwenzi wake akalea watoto, na nje ya ukumbi ule walisalimiana "Kamwene" kama majirani na kila mtu akashika njia yake. Lakini watu wananiambia kwamba wale wawili wakikanyaga poda, ulikuwa hujui mguu upi wa nani. Mimi nilipoanza kwenda pale Mzee Zakaria alikuwa ameshaanza kuumwa, haji tena, kwa hiyo nilimsikia tu, sikuwahi kumtia machoni.

Alikufa wakati wa mahindi mabichi. Bibi Esta akaenda msibani Lupembe, akakaa nyuma kabisa karibu na wapishi. Angesema yeye ni nani? Watu walipopita kuaga, naye akapita, akakuta Zakaria amevalishwa bugaluu yake. Mpwa wake ndiye aliyemvalisha, kwa mapenzi kabisa, analia huku anasema mjomba aliipenda suruali hii kuliko zote. Kijana wa watu hakujua. Angejuaje, na wenyewe wamefanya siri maisha yao yote? Bibi Esta akafuta machozi, akapita, jeneza likafungwa, bawa lake likashuka kaburini.

Tangu hapo akawa mtu wa benchi. Nilikuwa nikienda Jumapili kupeleka kazi, namkuta amekaa, miguu imetulia kama ya mgonjwa, leso mfukoni. Nilimpenda yule bibi, nakwambia ukweli, maana alikuwa ananitania tangu siku ya kwanza kwamba nakaa kwenye cherehani kama polisi wa trafiki. Siku moja nikamwambia, "Bibi, acha nikukatie kitambaa kingine, nikushonee bawa, uinuke."

Akanikata jicho. "Nimdanganye nani? Yeye au magoti yangu?" Halafu sauti ikashuka. "Mwanangu, mwili wa uzee ukiuketisha unazoea. Wakati wa mahindi nilikuwa bado nina magoti. Sasa hivi nikiamka asubuhi nayabembeleza. Mvua zikinikuta kwenye benchi hili, mimi basi tena."

Nilirudi Njombe roho inaniuma. Suruali iko futi sita chini, utafanya nini?

Ikafika mwezi wa saba. Ninyi wa huku juu mnaujua mwezi wa saba. Jumamosi hiyo ukungu ulishuka tangu asubuhi, mchana ukawa mzito kiasi kwamba duka la jirani nilikuwa silioni, nasikia redio yake tu. Wateja hakuna. Nimeweka jiko la mkaa chini ya meza, nashona sketi za shule, nimejifunga kitenge changu cha njano chenye ndege weusi, kitenge ninachokipenda kuliko nguo zote nilizonazo. Mara nikasikia hodi.

Akaingia mzee mrefu, mwembamba, koti la suti, kola ya shati imetoka nje ya koti kama masikio. Chini amevaa bugaluu ya rangi ya damu ya mzee. Nikajua huyu ni wa Makambako. Lakini anaingia kiubavuubavu, mgongo ameuelekeza ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mzee wangu. Karibu. Funga mlango, baridi hiyo."

"Baridi?" akasema, akatazama nje kana kwamba hakuwa ameiona.

Nikamuuliza tatizo nini, akageuka taratibu. Weee! Suruali nyuma imepasuliwa mshono mzima, kuanzia kiunoni mpaka inakwisha, imefungwafungwa na vitambaa ili isianguke. Nilicheka mpaka nikashika cherehani. Nikamwambia, "Mzee wangu, nani kakufanyia hivi?"

"Walionivalisha walikuwa na haraka," akasema, amenuna kidogo. "Nami sikuweza kukunja miguu kuwasaidia."

Nikaona haya. Nikajisemea, maskini, mzee wa watu alikuwa mgonjwa, wajukuu wamemvalisha ovyo. Nikampa blanketi, akaenda nyuma ya pazia ninapopimishia nguo, akanipitishia suruali. Ilikuwa ya baridi na nzito, ina unyevu, pindo zimejaa udongo mwekundu, na inanuka mbao mbichi za msonobari. Lakini Njombe hii nani hanuki msonobari? Nusu ya wateja wangu wanapasua mbao. Udongo ndio ulionikera.

"Mzee, umetokea wapi na matope haya? Unanichafulia kazi za watu!"

"Lupembe," akajibu kutoka kwenye pazia. "Shona nyuma kwanza. Mtu hawezi kucheza matako nje, wenzangu wananicheka."

Sasa niamini ninachokwambia hapa. Pazia langu ni fupi, halifiki chini, ukisimama nyuma yake nakuona miguu mpaka kwenye vifundo. Nilipoinama kuokota mkasi, sikuona miguu. Nikadhani amekaa kwenye stuli ameikunja juu. Mtu ukiwa na kazi mkononi unadhani lolote, si ndiyo?

Nikashona nyuma, mshono maradufu. Akaniagiza tena: "Mguu wa kushoto kuna bawa. Lifumue, unitolee, halafu uniwekee jingine. Hilo la zamani mpe Esta."

Mkono ukasimama. "Bibi Esta? Unamfahamu?"

"Nilimkanyaga mara moja, tukiwa bado vijana. Hajanisamehe mpaka leo." Nikamsikia anacheka, kicheko kidogo kikavu. "Mwambie ndilo hilo analolisubiri. Ainuke. Akizidi kukaa magoti yatamkatalia."

Unafikiri nilishtuka? Sikushtuka hata kidogo! Nilifurahi. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwamba huyu ni rafiki wa marehemu. Wale wazee zamani walikuwa wakishona sare kutoka jora moja, kwa hiyo nikaona, Mungu mkubwa, kitambaa kimepatikana. Bawa lenyewe nilipolifumua lilitoka la rangi ileile ya damu ya mzee, halijapauka hata kidogo kwa sababu lilikaa ndani maisha yake yote, na ukingoni limepigwa mshono wa mkono kwa uzi mweupe, mishono mirefu, ya mtu asiyejua kushona.

Basi nikatafuta cha kuziba. Nikamwonyesha kijani cha sketi. Hakutaka. Nikamwonyesha bluu, hakutaka. Khaki ndiyo alinifokea kabisa.

"Nikacheze na sare ya shule? Wewe fundi umefundishwa na nani?"

Ala! Mimi mtu akinigusa kwenye ufundi, sijizuii. Hasira zikanipanda, nikashika pindo la kitenge changu mwenyewe hapo kiunoni, nikakata pembe tatu nzuri, ndege mmoja katikati, nikampungia kwenye pazia. "Haya! Na hiki je? Hiki nacho ni cha shule?"

Kisha akauliza kwa upole sana, "Umekata nguo yako?"

"Ya nani tena?"

"Na unaivaa. Hujaitupa."

"Mzee, unataka au hutaki?"

"Nataka," akasema. "Ni kizuri mno. Haya, nishonee."

Nikashona. Nikapiga pasi, na ile pasi ikatoa moshi wa baridi, sijui nikueleze vipi, ulikuwa mvuke lakini haukuunguza. Akavaa, akatoka, akasimama katikati ya kibanda changu. Akazunguka mara moja tu. Njano yangu ikafunguka na ndege wake, nikasahau hasira zote nikapiga makofi. Ukweli lazima usemwe, yule mzee alikuwa anajua.

"Sina cha kukupa," akasema. "Lakini hiki nitakicheza vizuri."

"Nenda zako, mzee wangu. Wasalimie wenzako huko."

Akaniangalia kwa huruma, akatoka. Mlango sikusikia ukifunguka. Nilitoka nimpe blanketi ajifunike, nikakuta ukungu, redio ya jirani, mtu hakuna. Blanketi mkononi lilikuwa gumu kwa baridi kama limelala nje.

Jumapili nikaenda Makambako mbio. Nikampata Bibi Esta kwenye benchi lake, nikamwekea bawa mapajani, nikakaa pembeni kusubiri sifa zangu.

Hakunisifu. Alilipapasa ukingoni, kwenye ule mshono mbovu wa uzi mweupe, akapapasa tena.

"Huu mshono ni wangu," akasema. "Walipomchana, mimi ndiye niliyemkatia bawa kutoka kwenye suruali yangu, nikalishona usiku kwa sindano ya kuazima. Nilipomuaga kwenye jeneza nililiona limechungulia. Lilikuwa mguuni kwake." Akanigeukia. "Umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Mrefu, mwembamba, kola nje, anachokoza kama mtoto. Nikafika kwenye ile suruali iliyopasuliwa nyuma, mdomo ukaanza kuwa mzito, kwa sababu nilikuwa najisikia mwenyewe ninachosema. Nani anapasua nguo ya mtu nyuma ili imwingie? Nimekwenda misiba mingapi mimi? Nikashika benchi.

Bibi Esta alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Alikuwa anaona aibu," akasema. "Zakaria! Na majivuno yake yote, matako nje mbele za watu!" Tukacheka wote wawili, mimi meno yanagongana.

Nikamshonea bawa palepale, kwa mkono, sindano inanitoroka. Akatoa leso mfukoni. Wakanyunyiza poda mpya, santuri ikawekwa, ya taratibu, na yule bibi akasimama. Magoti yalilia, nilisikia. Akatembea mpaka katikati, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, akakunja vidole kama mtu aliyeshika mkono mwingine. Akaanza. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile na sitaona tena. Hakuna aliyeingia kucheza, wote walikaa pembeni wanalia, na yeye alikuwa anazunguka, bawa linafunguka, damu ya mzee, linajifunga, linafunguka.

Santuri ilipokwisha tukatazama chini. Kwenye poda nyeupe kulikuwa na nyayo zake. Na kando ya nyayo zake, bega kwa bega, kulikuwa na alama za udongo mwekundu, ule wa chini kabisa wenye unyevu, wakati nimeshakwambia kiatu cha nje hakiingii mle. Mzee mmoja akavua kofia. Bibi Esta akasema tu, "Msifagie."

Halafu ndipo akanishika mkono, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwanangu, pale ulipotoa bawa, uliweka nini?"

Nikamwonyesha kitenge changu, pembe iliyokatwa.

Akapitisha kidole pale palipokatwa. "Sisi tunavaa bawa la aliyekufa," akasema, "ili acheze huku. Sasa yeye amevaa la mtu aliye hai."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja ya kumalizia, maana muda huohuo shavu la mguu wangu wa kushoto liliingia baridi, baridi ya shimoni, na mguu ukainuka wenyewe ukapiga chini mara mbili. Mimi ambaye sijawahi kucheza hata harusini! Nikaulazimisha utulie, ukakataa. Bibi Esta akacheka, akanivuta kwenye poda.

Mpaka leo ndiyo hali yangu. Jumapili saa ya bugi nikiwa popote, hata kanisani wakichelewesha matangazo, mguu wa kushoto unaanza baridi kisha unapiga. Wateja wanasema mishono yangu siku hizi ina mdundo. Na hicho kitenge nimekitundika nyuma ya mlango, sikivai tena. Jumamosi jioni ni kisafi. Jumatatu asubuhi pindo limelowa, na pale nilipokata pamejaa udongo mwekundu. Nimeshakifua mpaka nimechoka, sasa nakikung'uta tu na kukirudisha.

Je, naogopa? Mwanzoni niliogopa mpaka nikakonda. Sasa siogopi sana. Bibi Esta anacheza kila Jumapili, magoti yake yamemrudia, na mimi nikiwaza kwamba siku yangu itakapofika kuna mzee mmoja mcheshi huko anayenijua kwa mguu, nafarijika, kusema kweli.

Lakini wewe usije ukasema hukuambiwa. Ukiwa fundi, mteja akiingia kiubavu mchana wa ukungu, mshonee, tena mshonee vizuri, ila nguo uliyovaa usiiguse hata akutukane vipi. Na ukiwa msibani unamvalisha mtu wako ile aliyoipenda, kabla hujafunika jeneza, tembea kidogo mpaka kule nyuma kwa wapishi. Mtazame yule anayelia na hakuna anayejua ni nani yake. Muulize yeye kwanza.